Tulichangisha kwa huruma, sasa mwigizaji wetu mkuu amekataa kurudi

Kwako Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mratibu wa kikundi cha maigizo hapa Kisumu, mtaa wa Manyatta. Tuko watu 22. Kati yetu, 11 wana ulemavu: watatu ni viziwi, wawili hawaoni, wanne wanatumia viti vya magurudumu au magongo, na vijana wawili wana usonji. Tulianza miaka minne iliyopita chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Tangu hapo tumeigiza sokoni, shuleni na kwenye mabaraza ya chifu.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba tuna onyesho kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya. Mchezo tumeuandika wenyewe. Unahusu mjane anayepigania shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Mjane huyo anaigizwa na dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, na katika mswada wote hakuna mahali kiti chake kinapotajwa. Ukimwona akiigiza, Shangazi, utasahau kama umekaa.

Bajeti yetu ni 123,000. Ukumbi 30,000, taa na vipaza sauti 25,000, wakalimani wawili wa lugha ya ishara 12,000, nauli ya mazoezi ya wiki sita 36,000, maleba 14,000, mabango 6,000. Onyesho letu lililopita tuliuza tiketi 57 kwa shilingi 200, yaani 11,400. Kwa hiyo kamati yetu ya watu saba ikaamua tufanye harambee.

Siku hiyo mfawidhi alipoona sahani inazunguka na noti za hamsini hamsini, alimwendea dada yetu, akashika kiti chake kwa nyuma bila kumuuliza, akamsukuma hadi mbele ya meza ya mgeni wa heshima. Akatoa karatasi akasoma habari za ajali iliyomvunja uti wa mgongo na jinsi mumewe alivyomwacha na watoto wawili. Kisha akamwekea kipaza sauti mapajani. "Mwambie mheshimiwa ulivyoteseka." Ukumbi ukanyamaza. Dada akakaa kitambo, halafu akasema sentensi yake ya kwanza katika mchezo: "Udongo huu ulijua jina langu ninyi mkiwa bado hamjazaliwa." Watu wakadhani anaomba. Mama mmoja mstari wa mbele akaanza kulia. Mfawidhi akapaza sauti, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!" na sahani ikarudi imejaa. Tulipata 84,300, ingawa 52,000 kati ya hizo zilikuwa ahadi.

Shangazi, karatasi ile niliiandika mimi.

Sasa ni wiki ya sita tangu harambee. Ahadi zilizolipwa ni 9,000 tu. Dada yetu hajaja mazoezini wiki tatu. Nilipompigia hakushika, akanitumia ujumbe mfupi: "Tafuteni mwombaji. Mimi ni mwigizaji." Na wakati huohuo kuna mfanyabiashara aliyekubali kutupa 60,000, lakini anataka wenzetu wenye ulemavu wapangwe jukwaani kabla ya mchezo kuanza, apigwe picha akiwakabidhi hundi. Kamati inasema tukubali, kwa sababu heshima hailipi ukumbi. Tumeshaweka amana ya 15,000. Ukumbi wenyewe una ngazi nne mlangoni, na wenye viti vya magurudumu huingilia nyuma, mlango wa jikoni, lakini ndio tunaoumudu.

Nimrudishe vipi dada yetu? Na tukiacha kuchangisha hivi, pesa tutatoa wapi?

Mratibu Niliyekwama, Kisumu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimesimama pale pale, kwenye karatasi. Ungeweza kunificha. Ungemtupia mfawidhi lawama zote na mimi nisingejua. Kwa kuwa umesema mwenyewe, naamini kazi hii bado inaokoleka. Basi tuanzie hapo, pesa zitafuata.

Nenda kwake. Mtumie ujumbe kwanza umwulize siku gani yuko tayari kukupokea, na akisema hayuko tayari, subiri. Usiende na kamati. Watu saba wakimzunguka mtu mmoja sebuleni kwake wanamlazimisha asamehe, hata wakiwa wamekuja na sukari na unga. Ukifika, sema maneno haya au yanayofanana nayo: "Niliandika habari zako bila kukuuliza. Nikampa mtu mwingine azisome mbele ya watu. Nimekukosea." Ishia hapo. Usiongeze "lakini tulihitaji pesa", maana anajua mlihitaji. Na siku hiyo usimwombe arudi. Mwambie nafasi yake ipo, na kwamba mswada hautapewa mtu mwingine mpaka yeye mwenyewe atakaposema. Halafu rudi nyumbani.

Nataka uelewe ni nini hasa kilichomuuma. Ajali yake si siri; majirani wanaijua. Kilichomuuma ni kwamba miezi mizima amekariri maneno ya mwanamke mwenye shamba, mwanamke anayesimamisha wazee kwa sauti yake, na mbele ya watu wengi kuliko wote waliowahi kumtazama, mkamgeuza kuwa sababu ya sahani kujaa. Naye akajaribu kuwaonyesha. Alisema mstari wake wa kwanza! Hapo alikuwa anaigiza, mwanangu, alikuwa kazini, na hakuna hata mmoja katika kikundi chake aliyeinuka kusema, "Jamani, huo ni mchezo wetu, sikilizeni." Hilo ndilo lililonitoa machozi mimi.

Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kisomeni kwenye kamati. Na nikishataja kamati: umenihesabia wenzenu 11 wenye ulemavu, ukawagawa hadi aina, kisha ukanihesabia wanakamati saba. Hukusema wangapi kati ya saba wanatoka kwa wale 11. Nahofia jibu ni sifuri. Kama ni hivyo, itisheni mkutano wa kikundi kizima kabla ya jambo lingine lolote la pesa, mahali pasipo na ngazi, mkalimani akiwepo tangu dakika ya kwanza, na mchague upya. Mmoja wa watia saini wa akaunti awe mwenye ulemavu. Wangekuwepo watu hao pale mezani, ile karatasi isingeandikwa.

Sasa pesa. Kamati inasema heshima hailipi ukumbi. Mimi nimekaa na kalamu na tarakimu zako, na naona kwamba huruma nayo hailipi. Harambee ilitangaza 84,300. Mkononi mna 32,300 za siku ile na 9,000 za ahadi, jumla 41,300. Wiki sita zimepita na 43,000 hazijaonekana. Mtu aliyetoa ahadi kwa sababu koo lilimkaba, koo likishaachia anaendelea na ada za watoto wake, wala simlaumu. Na mwaka ujao mtamkaba vipi tena? Itabidi hadithi iwe ya kusikitisha zaidi ya hii. Ndiyo maana njia hii inawala waigizaji wenu kabla hata haijawalisha.

Acha nikueleze nilichokiona Nakuru nilipokuwa nikiishi huko. Vijana wa Kaptembwo walikuwa na mchezo katika ukumbi wa mabati, na aliyeigiza chifu alikuwa haoni. Chini ya mikeka walikuwa wamepitisha kamba nene ya katani kuzunguka ukingo wote wa jukwaa. Mguu wake ukiikanyaga, anajua amebakiwa na hatua moja. Kwenye kilele cha ugomvi alitembea kwa hasira moja kwa moja kuelekea ukingoni. Watu wa mstari wa mbele waliinua mikono kumdaka. Akasimama papo hapo, vidole vikiwa juu ya kamba, akageuka polepole na kucheka kile kicheko cha chifu aliyekula rushwa. Ukumbi ulilipuka. Nilirudi kesho yake nikalipa tena, na nikamlipia dada yangu. Hakuna aliyeniomba mchango. Ningelikuwa na pesa zaidi ningelipa mara ya tatu.

Hicho ndicho mnachouza, na ninyi mnacho tayari. Mna viziwi watatu. Wanapokea vipi zamu zao? Kama mpiga ngoma wenu anapiga mbao za jukwaa nao wanausikia mtetemo kwa nyayo, hilo peke yake watu wakilishuhudia kwa karibu watanunua tiketi. Kwa hiyo wiki hii fungueni mazoezi. Alikeni wenyeviti wa chama kumi (vile vikundi vya kuweka akiba) wa Manyatta, Kondele na Nyalenda, mtu wa SACCO, viongozi wa akina mama kanisani, waketi dakika 20 watazame sehemu moja tu ya mchezo, ile yenye moto kuliko zote. Hotuba zisiwepo. Mkimaliza, mweka hazina asimame na kitabu cha tiketi na nambari ya till ya M-Pesa.

Tuhesabu pamoja. Mnahitaji 123,000, mna 41,300, bado 81,700. Sema ukumbi unachukua watu 250. Mmeukodi siku nzima, basi chezeni mara mbili: saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana. Msingoje jioni. Unajua mvua ya Kisumu: ikifika saa kumi wingu la ziwa limeshakaa, na juu ya mabati hakuna mwigizaji anayesikika, tena giza likiingia, mwenye kiti cha magurudumu anahangaika kupata wa kumbeba. Mkijaza nusu tu ya viti mara zote mbili kwa shilingi 200, mna 50,000. Zilizobaki ni 31,700. Chama nane zikinunua viti 20 kila moja, mna 32,000. Hapo sijagusa hata shilingi ya yule mfanyabiashara. Kama ukumbi wako ni mdogo kuliko huo, punguza na uhesabu upya, lakini hesabu kwa viti. Ndio mtaji wenu.

Mabango nayo yabadilisheni. Msiandike "Wasaidie ndugu zetu wenye ulemavu". Andikeni jina la mchezo, picha ya dada yetu akiwa ndani ya maleba ya mjane (akikubali), na chini yake: "Ndugu wa mume wanataka shamba. Hawajamjua." Kisha saa, bei, na mstari mmoja unaosema kuna wakalimani wa lugha ya ishara na nafasi za viti vya magurudumu. Mstari huo utawaletea watazamaji ambao hakuna anayewaalikaga kwenye ukumbi wowote, nao watalipa kama wengine. Jumapili soko la Kibuye hujaa. Mkipata ruhusa ya kaunti, chezeni dakika tano sokoni na muuze tiketi hapohapo. Ila msizungushe ndoo barabarani bila kibali. Kuna sheria ya michango ya hadharani, na askari wa kaunti hawatauliza nia yenu ilikuwa njema au la.

Kwa mwaka ujao, pesa ya kudumu iko shuleni. Desemba shule zimefungwa, basi barua zenu ziwafikie walimu wa Kiswahili wiki za kwanza za Januari, kabla hawajapanga muhula. Kuna vikundi vya maigizo vinavyoendesha maisha kwa kuigiza vitabu vya kutahiniwa, mwanafunzi akilipa kidogo kidogo. Lakini vitabu hivyo vina wenyewe, ombeni idhini ya mchapishaji kwanza. Na tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ilipoanza, kuna shule za sekondari ya juu zinazofundisha mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na uigizaji ni mojawapo ya masomo yake. Walimu hao watataka wanafunzi waone waigizaji halisi. Ombeni amana, maana shule hulipa kwa kuchelewa. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo lina hazina inayosaidia vikundi vilivyosajiliwa. Cheti chenu cha huduma za jamii kiwe hai kabla hamjabisha hodi huko. Mashirika ya afya hapo Kisumu pia hukodi maigizo ya uhamasishaji. Wakiwaita, ulizeni kwanza kama wanataka mchezo au wanataka picha.

Tukija kwa mfanyabiashara, mwandikie kwa heshima, wala usimhukumu. Huenda hajawahi kuonyeshwa njia nyingine ya kutoa. Mwambie hundi mtaipokea kabla ya siku hiyo, jina lake litachapwa kwenye karatasi ya programu, na mchezo ukiisha atapanda jukwaani kupiga picha na waigizaji wote 22 wakiwa ndani ya maleba. Wote, baada ya kazi, na jasho likiwa bado usoni. Kama atakubali, mtapata pesa na pengine rafiki wa miaka mingi. Akikataa, hesabu yetu ya viti inasimama bila yeye.

Utaniuliza, je, ni mwiko kabisa mtu kusimulia maisha yake? La. Kama kuna mwenzenu anayetaka kueleza alivyofika jukwaani, ni lake. Aandike mwenyewe, au aseme kwa ishara na mkalimani atafsiri, aamue kipi kibaki nje, na awe na ruhusa ya kusema "nimebadili nia" hata dakika tano kabla. Mfawidhi wa siku hiyo apewe karatasi iliyosomwa na kukubaliwa na kila mtu aliyetajwa ndani yake. Na asiguse kiti cha mtu. Kiti ni sehemu ya mwili wa mwenyewe. Kukisukuma bila kuuliza ni sawa na kumshika mtu kiuno na kumhamisha.

Halafu kuna mambo mawili ya ukumbi ambayo sitaki yapite. Wakalimani msiwaweke pembeni gizani. Taa iwaangukie usoni na mikononi, wavae nguo ya rangi moja isiyo na maua, inayotofautiana na rangi ya ngozi yao ili mikono ionekane, wakae karibu na waigizaji kiasi kwamba kiziwi asilazimike kuchagua kumtazama mjane au kumtazama mkalimani. Ni vizuri mmeweka wawili, maana mmoja peke yake mikono na akili huchoka ndani ya nusu saa.

Na zile ngazi nne. Nimeangalia bajeti: maleba yapo, mabango yapo, rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha viti vya magurudumu, haipo. Ngazi nne za sentimita 15 ni sentimita 60. Kipimo salama ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, kwa hiyo mnahitaji mbao za mita 7 na sentimita 20, zenye kingo pande zote mbili. Ombeni mbao za kuazima kwa fundi wa mjengo au duka la vifaa, jina lao liingie kwenye programu, na zirudishwe Jumatatu. Fundi azifunge Ijumaa na mmoja wa wale wenye viti azijaribu akipanda na kushuka, mbele yenu nyote. Siku ya onyesho hakuna mtu atakayepitia jikoni, awe mwigizaji au mtazamaji.

Jambo la mwisho. Kuna wale waliotoa pesa au ahadi siku ya harambee na mna nambari zao. Watumieni hesabu: kiasi gani kimeingia, kimetumika wapi. Wala msiwadai ahadi. Wekeni tu pamoja na ujumbe huo mwaliko wa onyesho. Na yule mama aliyelia mstari wa mbele, mtafuteni, hata ikibidi kuulizia kanisani. Mpelekeeni tiketi mkononi, bure. Mwambieni kwamba alichokisikia siku ile ni sentensi ya kwanza tu, na kwamba mjane ana mengine ya kusema kwa muda wa saa nzima. Mwekeeni kiti mstari wa pili, katikati.

Shangazi